Sahani Iliyorudi Tupu

Ulikuwa mwaka wa kula nzige. Waliosoma wana namba yake, mimi nina ladha yake. Walikuja kama moshi wa nyasi, jua likawa jekundu mchana, kuku wakapanda kulala. Walikula mahindi, wakala wimbi, wakala migomba mpaka ikabaki imesimama kama mifupa. Walipomaliza kutula sisi, tukaanza kuwala wao. Asubuhi mapema, wakiwa wamelowa umande na hawawezi kuruka, tuliwazoa kwa vikapu, tukawang'oa miguu na mabawa, tukawakaanga kwenye kigae bila mafuta, maana nzige ana mafuta yake mwenyewe. Ukitaka kujua, ni watamu. Shida ni kwamba hakukuwa na kitu kingine.

Watu wengine walililia mahindi. Baba yangu alililia wimbi. Pasipo wimbi hakuna busaa, ile pombe yetu, pasipo busaa hakuna sherehe, na pasipo sherehe hakuna wimbo. Wimbi na wimbo vimetenganishwa na herufi moja tu, na mwaka ule tuliona kwamba hata hiyo moja ni bure.

Baba alikuwa mpiga litungu, kule kwetu chini ya Kimilili. Si mpigaji wa kupitisha jioni, hapana. Litungu lake lilikuwa na nyuzi saba za mishipa ya ng'ombe, zimevutwa juu ya bakuli la mti lililofunikwa ngozi. Ukimwita kwenye harusi yako, aliketi chini akawaita wazee wako waliokufa, mmoja mmoja, kwa mpangilio, kutoka wa zamani mpaka wa juzi, na kila aliyeitwa alipigiwa nyuzi mpaka aketi. Ndivyo alivyosema: mpaka aketi. Ukimwita mfu halafu ukakatiza, umemwacha amesimama mlangoni pa watoto wake, na mvua inamnyeshea.

Kando yake aliketi baba mdogo na siilili, ile fidla yetu ya uzi mmoja. Wengine husema siiriri. Sisi na hizo herufi mbili hatujawahi kugombana. Nyuma yao aliketi mama na njuga zake. Kazi ilikuwa imegawanywa tangu zamani: litungu huuliza, siilili hujibu, na mama humalizia kwa maneno mawili, "Eee, ndivyo." Hayo mawili tu. Aliolewa akayakuta, akayaimba miaka yote, na mimi mtoto nilidhani mama hana mengine.

Kulikuwa na jambo moja lililomla baba kuliko nzige. Hakuwa na mtoto wa kiume. Ndugu zangu walikufa wadogo, tukabaki wasichana, na baba mdogo hakujaliwa kabisa. Na kwetu mwanamke hashiki litungu. Kulipangusa vumbi, sawa. Kugusa uzi, hapana. Vidole vya baba vilikuwa vimeanza kukaza asubuhi kama kamba iliyolala nje kwenye umande. Alivikunja na kuvikunjua juu ya moto, akiangalia lile litungu ukutani kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Baba mdogo alikuwa ameandikwa kazi Kitale, kwa Kaburu mmoja mwenye ngano. Nzige hawabagui. Walipomaliza ngano ya Kaburu, baba mdogo alirudi nyumbani kwa miguu, amebeba blanketi moja na habari moja. Alisema yule Kaburu, mke wake na watoto wao walikuwa wakikaa kwenye baraza jioni na fidla na vinanda vya mkono, nyumba nzima.

"Wanacheza wimbo mmoja, kaka," akasema. "Halafu mmoja anatoroka nao."

"Anatoroka nao wapi?" baba akauliza.

"Anaenda tu! Anazunguka huko, anapanda, anashuka, na wengine wanamngoja pale pale. Wala hawakasiriki. Akirudi, mwingine anatoroka."

"Hao hawana adabu."

"Si wanarudi, bana?"

"Mwizi pia hurudi," baba akasema.

Lakini baba mdogo alikuwa ameshaambukizwa. Tulipofanya mazoezi, baba aliuliza kwa litungu, na siilili badala ya kujibu ikaondoka. Ikapanda juu kama ndege aliyefukuzwa kwenye wimbi.

"Wee! Unaenda wapi?"

"Naenda na kurudi, kaka."

"Nani amekutuma?"

Mama aliinamisha uso akaficha kicheko. Mimi nilimwona.

Mvua zilirudi, wimbi likarudi, na harusi ya kwanza baada ya ile njaa ikafanyika Kimilili. Mtu alikuja kumwita baba. Bwana harusi alikuwa kijana ambaye baba yake alikufa katikati ya njaa akazikwa haraka haraka, bila busaa, bila wimbo. Watu walijaa. Hawakuwa wamekula sherehe muda mrefu, na nadhani walikuja kusikia kama bado wako hai.

Baba alianza. Aliita wa kwanza, akaketi. Akaita wa pili, akaketi. Alienda polepole, vidole vimeota jua, na siilili siku hiyo ilikuwa na heshima. "Eee, ndivyo," mama akasema kila mara. Akafika kwa yule marehemu wa njaa. Akamwita kwa jina na jina la baba yake, akagusa uzi wa tatu, na uzi ukakatika. Ta!

Nimesikia bunduki, nimesikia radi ikipiga mti. Hakuna iliyonyamazisha watu kama uzi ule. Baba alibaki mkono juu. Jina lilikuwa limeshaitwa. Kufunga uzi mpya ni kazi ya mchana mzima, na mfu amesimama.

Mjane, mama yake bwana harusi, alikuwa ameketi mbele kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za ng'ombe:

"Sasa mmemwacha wapi?"

Baba mdogo aliangalia chini. Na mimi nikasikia ule uzi wa tatu ukilia. Nasema niliusikia. Baba mwenyewe aliinama kuangalia litungu lake. Lakini uzi ulikuwa unaning'inia. Sauti ilitoka kooni kwa mama.

Aliuvuta ule mlio mpaka ukawa maneno. "Yuko mtoni," akaimba. "Yuko mtoni ananawa miguu. Hawezi kuingia na tope kwa mke wa mtoto wake."

Hayo maneno hayakuwa kwenye wimbo. Hayakuwa kwenye wimbo wowote. Mjane akainua kichwa.

"Na anakawia nini?"

Mama akamjibu. Alimtoa yule mzee mtoni, akampitisha kwenye shamba la wimbi jipya, akamsimamisha avunje suke moja na kulitafuna, maana alikufa akiwa na hamu nalo. Sauti yake ilipinda pale aliposhika kona ya njia. Ilishuka alipoinama kupita chini ya kiingilio cha boma. Siilili ilimfuata nyuma kama mbwa anayemjua mwenyewe, ikitangulia kidogo, ikirudi, ikinusa. Na baba, baba yangu mwenye mpangilio, aliziacha nyuzi zienende zinakotaka, zile sita, bila kuziangalia. Nilikuwa nimeshika tawi la mzambarau na sikujua nimelishika, mpaka nilipoona mkono umechunwa na gome, unatoka damu.

Mjane akauliza tena, na sasa sauti ilikuwa ndogo: "Amefika?"

"Amefika. Sogeza mguu akae."

Na yule mjane akasogeza mguu. Akakunja miguu yake yote miwili, akaacha nafasi kwenye mkeka. Aliyekaa pembeni yake akasogea pia. Hakuna aliyecheka. Watu wote tuliangalia pale mahali pakavu kwenye mkeka, na ninaapa kwa chakula nilichokula leo, hapakuwa patupu.

"Eee, ndivyo," mama akasema, akanyamaza, akaanza kutafuta shuka lake kama mtu aliyemaliza kuchota maji.

Njiani kurudi baba alitangulia mpaka tulipovuka kijito. Halafu akauliza, "Nani alikufundisha?"

"Nimekaa nyuma yenu miaka mingapi?" mama akajibu. "Mlidhani nimelala?"

Tangu siku hiyo nyimbo zetu zilibadilika. Baba alipofika mahali fulani alipunguza nyuzi, akaacha uwazi. Huko tulikuita kuacha mlango. Akiona mtu ana neno usoni, aliacha mlango, na mtu akiuliza, mama aliingia. Pengine hakuna aliyeuliza, mlango ulifungwa, wimbo ukaendelea na "Eee, ndivyo" yake. Watu walitembea kutoka Lugulu na mbali kuja kusikia, na wengine walirudi wamenuna kwa sababu siku hiyo mama hakuimba. Wazee wawili watatu walilalamika. Mmoja alimwambia baba, "Nyumba yenye milango mingi hivyo ni ya wezi." Baba akamwambia, "Basi chunga mifuko." Huyo ndiye baba aliyewaita Makaburu watu wasio na adabu!

Na ukiacha "Eee, ndivyo", hata mara moja mama hakuimba kitu mara mbili. Nilimvizia. Nilikuwa na masikio ya kunasa wimbo kama utomvu, lakini wa mama ulipita.

Ndipo baba mdogo alipoleta habari nyingine, akitoka kutafuta kazi Kitale. "Kuna Mzungu amekuja na mashine. Anachukua nyimbo za watu anaziweka kwenye sahani. Hata mwenyewe akifa, sahani inaimba. Amesikia habari ya Kimilili. Anatutaka sisi."

Baba alisimama. Alikuwa ameshindwa kukunja vidole asubuhi ile. "Hata akifa?"

"Hata akifa, kaka."

"Nyimbo zangu ziwekwe kwenye sahani?" mama akasema. "Na nani atazila?"

Tulicheka, lakini baba hakucheka. Alimwambia mama aoshe sahani. Nyumbani tulikuwa nayo moja, ya bati, nyeupe yenye ukingo wa buluu, ya wageni. Mama aliisugua kwa majivu mpaka unajiona. Ikafungwa kwenye jani la mgomba, nikapewa niibebe mimi, na nikaambiwa nikiiangusha nisirudi nyumbani. Tulipanda mkokoteni wa ng'ombe wa mfanyabiashara aliyepeleka mahindi Kitale. Barabara yote ile ya mashimo sahani ilikuwa mapajani mwangu kama mtoto mchanga.

Kitale walituingiza kwenye stoo nyuma ya duka. Kuta zimetundikwa mablanketi, eti sauti isitoroke. Mzungu alikuwa mwembamba, amechoka, ameshika nyaya. Karani wake ndiye aliyezungumza. Baba akanipa ishara, nikafungua jani, nikatoa sahani yetu nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Karani aliangalia sahani. Akaniangalia mimi. Akacheka mpaka akashika nguzo.

"Mzee, umeleta na kijiko?"

Baba hakutikisika. "Kama sahani yenu ni safi kuliko hii, tuonyeshe," akasema.

Karani akapangusa macho, akatoa kitu cheusi, cha duara, akakizungusha chini ya sindano. Na mtu akaimba. Mtu mzima, na zeze lake, humo stooni, bila mdomo, bila kifua. Mimi nilishika nguo ya mama. Baba alienda akachungulia nyuma ya meza, akarudi polepole, macho yamejaa maji. "Huyu yuko hai?" akauliza.

"Alikufa mwaka jana," karani akasema, na sasa hakuwa akicheka.

Nilimwona baba akihesabu wazee wake kichwani, mmoja mmoja, wote wameketi kwenye kile kitu cheusi, hakuna wa kuwasimamisha tena. Litungu lisilohitaji mtoto wa kiume. Nilijua tumefika.

"Rudisha," mama akasema. Karani akarudisha sindano mwanzo. Yule mtu akaimba tena, na katikati akakohoa kidogo. Mama akainua kidole. "Rudisha tena." Akaimba, akakohoa.

"Amekohoa pale pale," mama akasema. "Huyu hatapona kamwe."

Basi tukaketi. Baba na baba mdogo walipiga kwa majaribio, wakaita wazee, wakapiga vizuri. Mzungu akasema kitu, na karani akakigeuza: nzuri, lakini wapiga litungu ni wengi. Anataka ile ya Kimilili. Ya huyu mama. Amsikilize kwanza, apime sauti, halafu mama arudie vile vile, neno kwa neno, ndipo sindano ichore. Bila hiyo hachukui.

Wote wakamgeukia mama. Alikuwa ameketi kwenye gunia, mikono mapajani.

"Nikiulizwa nitajibu," akasema. "Sijaulizwa."

"Si tumekuuliza, mama?" karani akasema. "Tunakuuliza uimbe!"

"Hiyo ni kuomba. Kuuliza ni kingine."

Baba aliweka litungu chini. Sijawahi kumsikia baba akimwomba mtu, hata chifu, hata Mungu aliongea naye kama jirani. Akasema, "Mama watoto. Nakuomba. Unajua vidole vyangu. Nikienda, wazee wangu watasimama nje wote."

Mama alimwangalia kwa huruma mpaka nikadhani ataanza. Halafu akasema, taratibu, "Baba watoto, yule mjane alikuwa na mume amesimama mvua inanyesha. Nikimwimbia huyu na waya wake, nitamketisha nani?"

Baba aliokota litungu. Tulitoka. Sahani yetu nilirudi nayo, tupu vile ilivyokwenda.

Ule mkokoteni ulirudi bila mzigo, ukaruka kila shimo. Baba alikaa mbele, mgongo umetugeukia. Baba mdogo alikuwa amevimba. "Shemeji, umetuzika," akasema. Jua lilipokuwa juu tulisimama kwenye mto ng'ombe wanywe. Tukala viazi kwenye ile sahani ya wageni, kwa kuwa ilikuwa na sisi, kisha mama akashuka kuiosha.

Baba alichukua litungu akalikagua kama limeumia njiani. Aligusa nyuzi za juu, zile zinazouliza. Akazigusa tena. Na hakuinua kichwa, hakumwangalia mtu, wala sidhani alikuwa akimwambia mtu. Akaimba kwa sauti ya chini kabisa:

"Nikilala, nani ataamka nazo?"

Mama alisimama majini na sahani mkononi.

Alianza kwa kuigonga kwa kucha, ting, ting, kama tone linaloanguka kwenye bati. Halafu akamjibu. Aliimba mti uliokatwa mbele ya nyumba, na wenye nyumba wanaulilia mbele ya nyumba, na chipukizi limeota nyuma ya jiko wanakomwaga maji machafu, hakuna aliyelitazama. Aliimba barabara ya Kitale na mashimo yake yote. Sauti iliruka nayo, ikayumba, ikashika, mpaka mapaja yangu yakakumbuka kila shimo. Aliimba mikono iliyobeba sahani kwenda na kurudi na haikuiangusha. Baba mdogo alisahau kuvimba. Alichomoa siilili, ikapanda juu ya maji, ng'ombe wakaacha kunywa.

Baba aliinua kichwa, akaangalia mikono yangu. Na mimi nikaiangalia. Sikuwa nimewahi kuiona.

"Huyu ni msichana," akasema. Hakuimba, alisema.

Mama akaimba, "Uzi utajuaje?"

Akaimba hivyo na kunyamaza, akaacha mlango wazi, na hakuna aliyepita hapo isipokuwa maji. Ninaogopa hata sasa nikikumbuka kimya kile. Baba alikaa, akakaa. Halafu akasogeza mguu. Akaukunja, akaacha nafasi kwenye nyasi kando ya litungu.

Nikaenda nikaketi.

Nimelipiga litungu lile kwenye harusi za Bungoma na Lugulu, nimelipiga Kitale kwa watu wa makabila sita. Wazee walisema mengi, na waliosema wengi wao nimewaketisha mimi. Nina wajukuu kumi na wawili, na nyumbani kwangu mtoto anaanza na uzi kabla ya kitabu. Wavulana na wasichana. Baba alikufa vidole vimefunga kabisa, lakini alisikia jina la baba yake likiitwa kutoka mkononi mwangu, na aliniambia nimelivuta sana. Alikuwa baba, lazima apate kosa.

Mwisho nasema hili. Miaka ya mwisho ya utawala wa Wazungu, mwingine alikuja, Bungoma, ameshuka kwenye gari la moshi na mashine ndogo inayoingia kwenye sanduku. Akaletwa mpaka mlangoni kwetu. Mama alikuwa mzee, haoni vizuri, anachagua maharagwe kwenye ile sahani yenye ukingo wa buluu, rangi imebanduka pembeni. Mimi litungu lilikuwa mapajani, na sikatai, nilitaka. Nilitaka wajukuu wasikie kile nilichosikia mtoni.

"Mama," nikamwambia, "safari hii, tafadhali. Ule wa mtoni tu."

Vidole vyake viliendelea na maharagwe. Mwanamke huyo hakuwahi kuimba kitu mara mbili. Kimoja tu alikirudia maishani mwake, na hakukigeuza hata herufi.

"Nikiulizwa nitajibu. Sijaulizwa."

Karani wa huyu mgeni alidhani hasikii. Akamwinamia sikioni, akapaza sauti mpaka kuku wakaruka: anaombwa aimbe, mashine iko tayari, atasikika mpaka Nairobi!

Mama alitupa jiwe moja dogo kutoka kwenye maharagwe.

"Nikiulizwa nitajibu. Sijaulizwa."